Mwaka wa Grili la Mzee Awadhi

Jumamosi iliyopita tulimzika Mwalimu Deo kule Ukonga, na mie ndiye niliyeleta jeneza, maturubai, viti na gari la maiti. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ingawa wanaonijua wanajua kujisifu naweza. Nasema kwa sababu watoto wake waliponiomba nisimame niseme neno, mie rafiki wa marehemu wa miaka mingi, nilishindwa. Mie huyu ambaye nimesimama mbele ya wakurugenzi wenye tai nikawaeleza mlango wa chuma ni kitu gani mpaka wakasahau maswali yao, nilisimama pale kwenye udongo mbichi, natazama viatu vyangu. Katekista akakohoa. Nikasema, "Huyu alinifundisha neno moja la Kiingereza," nikarudi kukaa. Watu wakadhani kilio kimenibana. Kilio kilikuwepo, lakini kilichonibana hasa ni mwaka mmoja wa ujana wangu. Nilijua nikiufungua pale makaburini hautaishia Ukonga, utanishusha mpaka bondeni Kipawa, ndani ya maji, na waombolezaji watakaa mpaka jua lizame wali unapoa. Kwa hiyo nimeamua kuuandika. Mie shule yangu iliishia darasa la saba, na hata hilo la saba nililimaliza kwa kusukumwa, lakini kalamu haijawahi kumkataa mtu mwenye la kusema.

Ya ukoo wangu niyaache, kila mtu ana ukoo. Nianze na chumba. Kilikuwa cha mwisho mkono wa kushoto katika nyumba ya kupanga yenye korido katikati, jirani na choo, kiasi kwamba mgeni wetu wa kwanza kila asubuhi alikuwa harufu. Nyumba haikuwa na dari. Kuta zilipanda mpaka usawa wa mlango zikakoma, juu yake ni bati tupu kwa wapangaji wote, na maneno yalikuwa yanaruka kutoka chumba kimoja kwenda kingine kama kuku. Mwalimu Deo alikuwa na kitanda, mie nilikuwa na mkeka na gunia nililolijaza maranda ya mbao. Alitoka bara, alikaa seminari miaka na miaka, na alipobakiwa na hatua chache awe padri akaacha. Sababu hakunieleza, na mie sikumuuliza. Shule ya mtu binafsi aliyokuwa anafundisha ilifungwa ghafla, akabaki na wanafunzi wa tuisheni wasiolipa. Mie nilikuwa na ufundi wa kuchomelea nilioupata kwa kubebea watu vyuma, sikuwa na mteja. Tulikuwa tunapika mara moja kwa siku, jioni, ugali na tembele, na siku ya neema dagaa. Mwalimu alikuwa na tabia ya kuacha tonge la mwisho kwenye sahani, eti ni adabu ya seminari. Nami nilikuwa na tabia ya kulila, eti nisiitie aibu adabu yake.

Siku moja nimelala mchana kwa sababu ukilala njaa inapungua, nikasikia mama wa chumba cha jirani anamwambia mumewe, "Yule kijana wa vyuma hali. Nimemwona bombani anakunywa maji kama ng'ombe." Mumewe akajibu, "Mwache, akishiba maji atapata nguvu ya kutafuta chakula." Wakacheka, si kwa ubaya, kicheko cha watu ambao nao sufuria yao ilikuwa tupu. Mie nikageukia ukutani. Leo ninakaa Madale, juu kilimani, nyumba ya ghorofa, friji mbili, na bado nikisikia mtu anameza maji kwa pupa moyo unashtuka. Nilipotoka pale nikakutana na yule mama koridoni. "Shikamoo." "Marahaba, habari za kupumzika?" "Salama." Mwaka ule sie wote tulikuwa tunajibu hivyo, kutwa mara kumi. Hakuna aliyekuwa salama.

Mtu aliyenishika mkono ni Mzee Awadhi. Alikuwa Mwarabu wa palepale, babu yake alishaanza kuuza sukari na mafuta ya taa maeneo yale kabla ya barabara, na duka lake lilikuwa mbele ya mtaa wetu, chumba kimoja kirefu cha tofali, yeye na mkewe Bi Shekha wakiishi vyumba vya nyuma visivyopenya dukani, mlango wao uani. Watoto hawakujaliwa. Kulikuwa na mashine ya kuchomelea imeachwa stoo kwake na mpangaji aliyehama, akanipa niitengeneze, na ilipowaka akaniambia niitumie, niweke banda la bati ubavuni mwa duka, umeme nivute kwake. Masharti yake yalikuwa mawili: nisichome wakati wa adhana, na ninywe kahawa naye jioni maana Bi Shekha kahawa yake alishaichoka miaka arobaini. Nilimwita Ami, kama baba mdogo. Yeye akiniita "mwanangu" siku njema, na "we Kondo" siku mbaya. Mwalimu Deo alikuwa anamwita "mzee wangu", na yeye Mzee Awadhi alikuwa anamwita Mwalimu "Padri", kwa kumtania, na Mwalimu alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeguswa jino bovu.

Ndipo akaibiwa. Ilikuwa saa ya magharibi, anajiandaa kwenda msikitini, vijana wakaja mbio wanapiga kelele, "Moto! Mzee Awadhi, moto nyuma! Nyumba inaungua!" Walimwita kwa jina. Akaacha duka wazi akakimbilia nyuma kumtoa mkewe, akamkuta Bi Shekha anachambua mchele. Kurudi mbele, duka limesafishwa. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti chake cha kamba akawa anasema neno moja tu: "Walinijua jina." Siku zilizofuata alikuwa akimpimia mtu sukari, na mtu akija nyuma ya mwingine anauliza, "Huyo nani? Huyo nyuma yako nani?" Watu aliowaona wanazaliwa aliwaogopa. Mwishowe akaniita. "Kondo, nataka grili. Si urembo. Nataka chuma ambacho hata wewe mwenyewe uliyekifunga hutaweza kukifungua."

Kazi ile niliifanya kama mtu anayeoa. Nilichukua nondo za mraba, nzito, sio zile nyembamba za kuringia. Dirisha la kuuzia nikalifunga nondo za kusimama, zikaachiana nafasi ya kupitisha kilo ya unga tu. Kwa kuwa nilijua wezi wa mjini wanapanua nondo kwa jeki ya gari, nikapitisha na nondo ya kulala katikati, nikaichomelea kila inapokutana na ya kusimama. Juu, chini ya bati, nikatandaza wavu wa nondo, maana wezi pia hufunua paa. Mlango wa chuma nikauweka ufunguke kwa nje, ili mtu asiuvunje kwa teke, na kufuli likae ndani. Ufunguo Mzee Awadhi akauvaa shingoni. Mtaa mzima ukaja kutazama. Nilisimama pale mikono kiunoni, kijana mwenye njaa, nikajiona mimi ndiye niliyevumbua chuma.

Kwa ushindi ule nikataka kibao. Nikapata bati, nikaomba rangi nyeusi, nikampelekea Mwalimu barazani kwa Mzee Awadhi ili aniandikie neno la Kiingereza.

"Andika Salama," Mzee Awadhi akasema, anamimina kahawa. "Kiswahili chako, dini yako, biashara yako."

"Salama haina uzito, Ami. Mteja akikuta Kiingereza anajua hapa fundi kasoma."

"Kwani umesoma?"

"Bati halitamwambia."

Mwalimu akacheka mpaka kikombe kikamwagika. Kisha akashika brashi akawa haandiki. Alikuwa hivyo, ukimwomba neno anataka kwanza akupeleke kwao. "Bwana mdogo, yako mawili," akasema. "Kuna safe na kuna security. Watu wanayachanganya, lakini hayakutoka tumbo moja. Safe limetoka kwenye Kilatini, salvus. Mtu salvus ni mtu mzima, asiyepungukiwa kitu. Ndilo hilo tunalotumia kanisani kwa wokovu."

"Basi hilo ni salama yangu," akadakia Mzee Awadhi. "Kiarabu kitu kilichosalimika ni kile kisicho na ila. Mtungi hauna ufa, huo ni salama. Mmetuibia."

"Hatukuiba, mzee wangu. Ni nyumba mbili tofauti, zimepata mtoto wa sura moja."

"Mtoto wa sura moja nyumba mbili, hapo Padri pana maswali." Kutoka ndani Bi Shekha akasema, "Awadhi, una mdomo wewe," na sote tukajikausha kama watoto.

"Na lile refu?" nikauliza. Mie nilikuwa nimeshalipenda lile refu, lilikuwa linajaza bati.

"Security," Mwalimu akasema, akawa ameinama, sauti imeshuka kama yuko darasani kwake, kabla shule haijafungwa. "Se ni bila. Cura ni hangaiko, ule wasiwasi wa kuamka na kuchungulia, na pia ni ile kazi ya kutunza. Paroko anapewa cura ya roho za watu. Sasa security ni kuwa bila cura. Neno halikwambii kwamba umepona. Linakwambia moyo wako umetulia, basi. Waingereza wa zamani walikuwa wanalitumia hata kwa kulaumu: fulani yuko secure, yaani kabweteka, adui yuko uani yeye anachana ndevu."

Mzee Awadhi akaweka birika chini. "Basi hao Waingereza walikuwa hawajaibiwa," akasema. "Mtu aliyeibiwa hawezi kuulaumu moyo uliotulia. Mwandikie hilo refu." Mwalimu akaandika, SECURITY, herufi za seminari, zimesimama wima kama watu kwenye foleni ya komunyo. Leo binti yangu aliyesoma chuo kikuu ameniangalizia kwenye simu yake na kila alichosema yule mtu kuhusu Kilatini ni kweli. Nimekuja kuuza hilo neno nusu ya jiji hili. Watu wanaita sekyuriti: mlinzi sekyuriti, mlango sekyuriti, taa sekyuriti. Wananiambia, "Fundi Kondo, nataka sekyuriti," nami natoa utepe napima dirisha. Mteja mmoja tu, mjane mmoja, ndiye aliyewahi kuniuliza akitaka kutoka atatokea wapi.

Masika yakaja. Mvua ilinyesha mfululizo mpaka nguo zikaota ukungu kwenye kamba, na mto nyuma ya nyumba zetu, ambao kiangazi ulikuwa mfereji wa kurukia, ukaanza kunguruma. Wazee wa mtaa wakasema utapita, umepita miaka yote. Asubuhi moja tunaamka, mkeka wangu umelowa. Nilidhani Mwalimu kamwaga ndoo. Nikafungua mlango wa korido maji yakaingia kwa miguu yao, yamebeba kandambili za wapangaji wote. Watu wakaanza kupanda kwenda barabara kuu, magodoro kichwani. Mwalimu akatoka mbio kwa Mzee Awadhi, akambeba Bi Shekha mgongoni mpaka barabarani, mama wa watu anamwambia, "Taratibu, Mwalimu, sijapata kubebwa tangu harusi." Alikuwa bado anaweza kutania, kwa sababu mumewe alimwambia anapandisha magunia juu ya meza anakuja.

Hakuja. Nilipofika dukani maji yalikuwa yamenifika kiunoni. Mlango wa chuma umefungwa. Nikachungulia kwenye dirisha, Mzee Awadhi amesimama juu ya kaunta na msuli wake kiunoni, amezungukwa na katoni za sabuni.

"Ami, toka! Maji yanapanda!"

"Nyuma yako nani?"

Nikageuka. Kweli, juu ya ukuta wa jirani walikuwa wamekaa vijana wa mtaa, wengi, wamejikunyata na mvua, wanatazama duka. Mbele yao kijana mmoja mwembamba anaitwa Kijiko, ambaye kila kuku akipotea mtaani watu walikuwa wanaanzia kwake. Sitasema walikaa pale kwa huruma. Mafuriko yakija, nyumba zinazohamwa zinahamishwa mara ya pili na wezi, kila mtu wa bondeni anajua. Ndiyo maana sie wa bondeni tuna desturi yetu ya kijinga: familia inakimbia, lakini lazima abaki mtu mmoja ndani na vyombo, afungiwe.

"Ni mie, Kondo! Achana nao, fungua!"

"Hata wale walikuja wananiita jina," akasema. "Nikifungua, hawa wanaingia. Maji yatashuka, mwanangu. Mwezi wa Mungu hauna mvua ya milele. Wewe simama hapo mlangoni unilindie."

Nikamwomba. Nikamtukana, Mungu anisamehe, nikamwita mzee mpumbavu. Nikamwambia Bi Shekha yuko barabarani analia. Akasema, "Mwambie nipo sekyuriti," akajaribu kutabasamu. Maji yalimfika magotini, naye yuko juu ya kaunta. Katoni ya kwanza ikaelea, kisha ya pili, ndipo nikaona uso wake unabadilika, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Akashuka, akazama mpaka kidevuni, akapapasa kufuli, akalifungua. Nikasikia mlio wake chini ya maji. Akasukuma mlango. Haukwenda. Niliuweka ufunguke kwa nje, na kwa nje mto ulikuwa umeulundikia mchanga, matairi na mlango mzima wa choo cha mtu. Mie nikavuta, yeye akasukuma, tukawa kama wendawazimu wawili wanaogombea ukuta. Akapanda tena kwenye kaunta. Hapo hakuuliza tena nyuma yangu kuna nani.

Umeme ulishakatika tangu alfajiri. Grainda yangu, ambayo ingezikata zile nondo kama muwa, banda lenyewe lilikuwa limeondoka nayo. Nilikuwa na msumeno wa mkono wa kukatia chuma na bledi chache mfukoni, nikapanda juu ya lile lundo la matairi, karibu na dirisha, nikaanza. Nataka muelewe chuma kile. Ningekuwa fundi mlevi, fundi mwizi wa vifaa, Mzee Awadhi angetoka mapema. Kila nilipokata nilikuwa nakutana na mkono wangu mwenyewe. Bledi ya kwanza ikavunjika. Mwalimu akaja, hajui kuogelea, maji yamemfika kifuani, akanikumbatia kiuno kutoka nyuma ili mkondo usinichukue, paji lake mgongoni kwangu, anasali Kilatini chake huku meno yanagongana. Bledi ya pili ikavunjika. Ndani Mzee Awadhi alikuwa ameshika wavu wa nondo wa juu kwa mikono miwili, uso ameuelekeza kwenye bati, anavuta pumzi kama mtu anayekunywa. Nilisikia anasoma shahada. Mie nilikuwa nakata na kulia, kamasi na mvua kitu kimoja.

"We fundi!" Kijiko alikuwa ameshuka ukutani. Begani kabeba jeki, ile kubwa, ameitoa kwenye lori la mchanga lililokwama barabarani. "Unakata vya kusimama vya nini? Utamaliza lini? Kata cha kulala tu. Vya kusimama niachie mie."

"Umejuaje?"

"Nilikuja kulipima grili lako, siku ileile ulipolifunga. Nikawaambia wana, huyu fundi fundi kweli, kaweka cha kulala. Hapa hakuna biashara." Na mie, kifo kiko nusu mita kutoka usoni kwangu, nilisikia raha ya kusifiwa. Binadamu tumeumbwa vibaya.

Nikakata cha kulala, upande mmoja, kisha wa pili, vidole vimechanika. Kijiko akaingiza jeki kati ya nondo mbili, akaanza kuzungusha, taratibu, amefumba macho, kwa mikono ya mtu aliyeifanya kazi ile gizani mara nyingi. Nondo zangu zikalia. Zikapinda. Mzee Awadhi akapitisha mkono, kisha kichwa, mbavu zikakwama, tukamvuta mie na Mwalimu na Kijiko na vijana wengine wawili wa pale ukutani, ngozi yake ikabaki kwenye chuma, akatoka. Alikuwa mwepesi. Sikuwahi kujua yule mzee ni mwepesi namna ile.

Barabarani Bi Shekha alimpokea kwa khanga yake, anamfuta uso, anamfuta. Yeye akawa anatazama nyuma. "Kondo! Wanaingia! Rudi, mwanangu, rudi ukawazuie!" Kweli walikuwa wanaingia, kwenye tundu lilelile, mmoja mmoja. Mie nilikaa chini kwenye lami nikaanza kufunga vidole vyangu kwa kipande cha shati. Kijiko akapita mbele yetu, katoni ya sabuni kichwani, akasimama. "Pole sana, mzee wa duka," akasema, na alimaanisha, akaenda zake. Mzee Awadhi akataka kuinuka. Bi Shekha akamshika bega akamkalisha. "Muda wote ulikuwa unauliza nani yuko nyuma," akamwambia. "Ndio hao. Sasa kaa."

Duka lilianguka mchana ule, likafuata mashine, banda na bati la Mwalimu. Tulihifadhiwa kwenye madarasa ya shule, tunalala sakafuni, tunakula uji, na kwa miezi mie nikarudi kubebea watu vyuma. Ule ndio ulikuwa mwisho wangu wa chini kabisa. Nilikuwa nakaa na Mwalimu tunatazamana, hatuna hata la kubishania. Mzee Awadhi na mkewe walichukuliwa na jamaa zao Kinondoni, wakapewa chumba cha uani, chini, dirisha moja lililoanzia karibu na sakafu, linatazama mabomba. Jua la kipupwe lilipokolea, Bi Shekha akamtuma mtu aniite. Nije na mashine, akasema, hata ya kuazima.

Nilimkuta Ami amekaa kitandani, amekonda, mgongo kaubandika ukutani, macho kwenye dirisha. Hakuwa analala. Hakuwa anakula, kwa sababu kula kunataka uinamie sahani, na akiinama hataliona dirisha. Jamaa walishamsomea, walishampeleka kwa madaktari, na kila aliyemuuliza anataka nini aliambiwa neno moja: grili. "Kama lile," akanisisitiza, mkono wake umenishika kifundo cha mkono. "Kama lile lile, Kondo. Na cha kulala uweke."

Bi Shekha akanitoa uani, akasimama kati yangu na mlango. "Mfungie," akasema kwa sauti ya chini. "Asipofungiwa atakufa kwa njaa. Lakini, mwanangu, ushikize tu. Siku nikitaka kumtoa nisikungoje wewe na msumeno."

Mie sijawahi kuchomelea kazi mbovu. Muulize yeyote. Siku ile nilikata nondo nzuri, nikazipanga sawasawa, ya kulala nikaipitisha, nikazishikiza kwa nukta, nukta moja huku moja kule, kama mshonaji anavyoshikiza kitambaa kwa pini kabla ya cherehani. Cheche zilikuwa nyingi, moshi mwingi, nilijitahidi ionekane kazi. Nikapaka rangi haraka kuficha. Mtoto angeliegemea lile grili lingeng'oka lote. Mzee Awadhi akatelemka kitandani, akaja, akashika nondo moja kwa mkono ule uliokuwa umebaki mifupa, akaitikisa. Nikafumba macho. Ikakaa. Akaitikisa ya pili. "Hii ndiyo kazi," akasema.

Akamgeukia mkewe. "Shekha, nyumba hii hakuna chakula?" Bi Shekha akaleta sinia, wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Tukatandika mkeka pale chini, watatu. Mzee Awadhi akavuta mto wake, akauweka kwenye ukingo wa dirisha, akakaa mkekani akageuza mgongo, akaegemea zile nondo kwa uzito wake wote, akaanza kula. Alikula kama kijana. Alikuwa anachambua mwiba, anasimulia habari za babu yake na mafuta ya taa, anacheka, anajirudisha nyuma kwenye chuma. Mie na Bi Shekha tulishika matonge yetu hewani, tunatazamana juu ya sinia, tunasikiliza kama zile nukta zitaachia, na hatukutia kitu mdomoni mpaka alipomaliza, akanawa.